Mstari wa Akech

Karibu na Marsabit,
19 Januari 2025

Kwako Baba mpendwa,

Habari za Shauri Moyo? Goti linasemaje? Mimi ni mzima, isipokuwa vumbi la huku limenibadilisha rangi, hata wanafunzi wangu wananicheka.

Baba, Mumina wa mlango wa pili ameniambia umeacha kwenda kanisani, hata kukaa nje jioni umeacha. Ati redio yako unataka kumpa mtu wa vyuma vikuukuu wa Gikomba! Jameni! Miaka yote ile umeongea na dunia nzima kutoka chumba kile, leo redio iuzwe kwa kilo? Najua masikio yamekataa. Najua simu huisikii, ndiyo maana nimeshika kalamu. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Kwenye kifurushi hiki kuna kidude mfano wa flash. Kichomeke kwenye laptop niliyokuachia, halafu ukiunganishe na ule waya wako wa paani. Hiyo ndiyo redio ya siku hizi, kazi iliyobaki inafanywa na programu. Huku nimejiundia kitransmita ambacho nguvu yake haifiki hata ya taa ya baiskeli. Kila asubuhi nikiamka nitakiwasha kwa mkono wangu kabla ya kwenda darasani. Kitataja jina langu la redio, mahali nilipo na nguvu yake, basi. Mawimbi yake yatazama kabisa kwenye kelele za Nairobi, hata mwenye masikio mazima hawezi kuyasikia. Ila kompyuta inakaa dakika mbili nzima ikisikiliza, mpaka iyatambue, kama mama anavyomtambua mwanawe akilia katikati ya soko la Muthurwa. Ukinipata utaona mstari kwenye kioo, na jina langu.

Jaribu, Baba. Usiiuze kwanza.

Binti yako,
Akech

Shauri Moyo,
2 Februari 2025

Kwa binti yangu Akech,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Huku hatujambo, yaani mimi na goti langu. Wewe unakula vizuri? Usinidanganye.

Kwanza, Mumina ana mdomo. Mwambie nimesema. Pili, mtu anasikiaje kwa macho? Mimi Phares Ooko nimetumikia reli mpaka nikastaafu, na Morse, lugha ya milio mifupi na mirefu, nilikufundisha mwenyewe ukiwa bado unapoteza meno. Leo unaniambia niitazame redio kama televisheni! Haya, nimechomeka kidude chako ili usiseme nimekataa. Nimeona rangi ya buluu ikiteremka kwenye kioo kama mvua dirishani. Mstari sijauona, si siku ya kwanza, si jana, si leo. Tena ujumbe wenyewe hauna hata hujambo. Redio gani hii isiyojua kuamkia watu?

Kuhusu kanisa, niache. Kila mtu ananipigia kelele sikioni kama anauza nyanya, kisha wenzake wanacheka. Naona aibu, mwanangu. Afadhali nikae ndani. Mtu wa vyuma nimemwambia aje mwisho wa mwezi.

Baba yako

16 Februari 2025

Baba yangu mkaidi,

Natumaini barua hii inakukuta na afya, na inakukuta kabla ya mtu wa vyuma. Mimi sijambo, na nakula, usijali.

Nimemuuliza Mumina kama ameanika madera yake kwenye waya wako. Ameapa aliacha zamani, ulipomfokea. Kwa hiyo nina swali moja, na nataka ukweli. Umegusa saa ya laptop? Hii programu inaanza kusikiliza dakika ya pili, ya nne, ya sita, hivyo hivyo, na mimi natuma dakika hizo hizo. Ukipotoka kidogo tu, mimi naanza wewe uko katikati, na hatukutani kamwe. Nakujua wewe. Saa zote za nyumba yetu zinatangulia kwa dakika tano tangu nizaliwe. Dakika tano, Baba! Hapo ndipo tunapokosana.

Irudishe, halafu unitafute kesho yake.

Binti yako anayekupenda,
Akech

Shauri Moyo,
9 Machi 2025

Akech mwanangu,

Amani iwe nawe. Hujambo? Mimi leo sijambo kabisa, sina hata la kusingizia goti.

Ndiyo, niliigusa. Nilipoifungua hiyo laptop niliona iko nyuma ya saa yangu ya ukutani, nikasema wametuletea mashine inayochelewa, nikaisogeza. Mtu wa reli hawezi kukaa na saa inayochelewa, treni itamwacha. Sasa cheka, cheka umalize.

Umeshamaliza? Basi sikiliza. Niliirudisha, na asubuhi nikakaa na chai yangu. Mstari ukaja. Mwembamba, umefifia, nikadhani ni macho yangu. Halafu jina lako likatokea chini. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Akech, nilidhani hewani nimeshakufa. Nimefurahi, mwanangu, nimefurahi sana, chai ilipoa hata sikuigusa. Siku hizi kuna mwingine wa Afrika Kusini, na mmoja wa India, wote nawaona. Lakini wewe ndiye nakungoja.

Mtu wa vyuma alikuja. Nilimwonyesha mlango.

Ila kanisani usinisukume.

Baba yako

30 Machi 2025

Baba,

Salamu tele, na hongera tena! Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa. Huku tu wazima.

Shule inafungwa wiki hii. Walimu wote wanaenda makwao, mimi nabaki nirekebishe sola ya maabara. Nitakuwa peke yangu, ila asubuhi utaniona kama kawaida. Nawe, tafadhali, toka nje uote jua. Wale wanaokupigia kelele wanakupenda, hawajui tu la kufanya.

Binti yako

Shauri Moyo,
23 Aprili 2025

Wewe mtoto!

Leo salamu baadaye. Unajua umenifanya nini?

Asubuhi ya kwanza hukuonekana, nikasema ni betri. Ya pili nikasema umelala. Ya tatu nikapanda kukagua waya na goti hili hili. Nikakagua saa, iko sawa. Yule wa Afrika Kusini yupo, wa India yupo, wewe tu hupo. Basi hitilafu haiko kwangu, iko kwa mwanangu. Nilitoka na malapa, shati halijafungwa, nikaugonga mlango wa Mumina kama askari. Nikampa namba ya mwalimu wenu mkuu, nikamwambia piga, sema Akech ana shida. Aliponiuliza nimejuaje sikumsikia, na sikuwa na muda wa kumsikia.

Mwalimu mkuu akampigia mlinzi wa shule aliyekuwa kwao kijijini, akaja akavunja mlango wako. Mumina aliniandikia majibu kwenye gazeti: YUKO HAI, MALARIA KALI, WANAMPELEKA HOSPITALI. Nilikaa pale pale mlangoni kwake nikalia, ploti nzima ikinitazama, na sikujali.

Jumapili nilienda kanisani kushukuru. Sikuambulia neno la mahubiri. Nilikaa mpaka mwisho, na walionipigia kelele sikioni niliwaambia wapige zaidi. Nitaenda tena.

Sasa ndiyo nakuuliza. Hujambo, mwanangu?

Baba yako

Hospitali, Marsabit,
29 Aprili 2025

Kwako Baba yangu,

Sijambo. Leo nimekula ugali nikamaliza, na kalamu haitetemeki sana, si unaona?

Nilianguka nikielekea mlangoni, sikumbuki zaidi ya hapo. Daktari anasema mlinzi angechelewa kidogo tu, ingekuwa habari nyingine. Rafiki zangu wote walidhani niko likizo, nimepumzika.

Muuguzi ameniuliza ni nani aliyejua kwamba nimenyamaza, nami nilikuwa peke yangu huko nyikani. Nikamwambia ni baba yangu, yuko Nairobi, hasikii. Akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akadhani homa imerudi.

Binti yako,
Akech