Presha Ilivyopandishwa Kiwandani

Shoga, uko wapi? Mbona hupokei simu?

Mume wangu amerudi sasa hivi kutoka kiwandani, amesawajika kama mgonjwa. Nusura boila, lile tangi la mvuke wa kuzalishia umeme, lipasuke!

Unaikumbuka ile kompyuta mpya ya kuongoza boila? Leo mume wangu alikuwa anamweleza meneja faida yake: presha ya mvuke ikitulia, unaweza kuisogeza karibu na kikomo, ukapata umeme mwingi kwa mafuta yaleyale. IKITULIA, shoga. Na kompyuta bado haijaweza kuituliza.

Meneja akadakia, "Kama faida iko huko juu, tunangoja nini? Pandisha."

"Mkubwa, presha bado inarukaruka."

"Si wewe uliyenipigia hesabu? Pandisha!"

Akapandisha. Mume wangu mwenyewe, kwa mkono wake!

Presha ikaruka. Valvu ya usalama, ile ya kutolea mvuke ukizidi, ikafunguka kwa ukelele, bomba moja likaachia, mvuke ukatanda chumba kizima. Watu wakakanyagana mlangoni. Yeye akarudi ndani akipapasa ukuta, akazima moto wa boila. Ni Mungu tu, hakuna aliyeungua.

Sasa sikia. Meneja anapangusa miwani, anasema, "Si umeona valvu inafanya kazi? Kesho tunarudia."

TUNARUDIA, shoga!

Mume wangu amekataa katakata, kazi ameiacha palepale. Lakini watamtafuta mwingine wa kupandisha, na zamu ya kesho kwenye boila ni ya kaka yako.

Mwambie asiende. Usinipigie mimi, mpigie yeye kwanza.