Wa Kumi na Nne Kila Jumapili

Ahotie 6,
Saarijärvi,
UFINI.
12 Februari 2024

Mpendwa mwanangu Topi,

Pokea salamu nyingi za shangazi yako. U hali gani huko Perth? Mkeo Mei hajambo? Na Alma, meno ya mbele yameshaota? Katika picha uliyotuma anacheka na pengo lake, kama babu yake alivyokuwa kwenye picha ya darasa la kwanza, nami nimeibandika kwenye friji. Mimi mzima, ukiacha goti. Baridi imefika nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, na bomba la jikoni limeganda mara mbili, lakini hizo si habari kwa mtu aliyezaliwa hapa.

Barua yako nimeipata. Nakujibu kwa karatasi kwa sababu ujumbe wa simu utausoma ukiwa kwenye foleni ya dukani, kisha utausahau, na jambo hili sitaki ulisahau.

Umeuliza ni gemu lipi la kompyuta linaloendesha gari kama gari la kweli, ili ununue hilohilo analotumia baba yako, mkutane humo. Miaka kumi na moja hamjasemezana ila kwa kadi ya Krismasi, na sasa mnataka kukutana ndani ya kompyuta. Nitakujibu. Lakini nilikaa miaka kumi na miwili kwenye kiti cha kulia cha gari la mashindano, baba yako akiendesha kushoto kwangu, nikimsomea kutoka kwenye karatasi kona zinazokuja kwenye barabara za changarawe za mkoa huu, na matope ya barabara hizo nimeyala kwa meno yangu. Kwa hiyo utanivumilia nikiyatukana kwanza magemu yako.

Usukani na pedali ulizomtumia zilifika salama. Siku ya kwanza baba yako Veijo alisema atavipeleka kwenye banda la kuni. Siku ya pili dada yako Henna alikuja na kompyuta, akavifunga kwenye meza ya marehemu mama yako ya kushonea. Siku ya tatu nilipopita kumletea samaki nilimkuta ameketi mbele yake na soksi za sufu, amekunja uso kama anayesoma barua ya kodi. Unajua tangu vuli daktari amemkataza kuendesha kwa sababu ya kizunguzungu. Mtu aliyeendesha tangu ana miaka tisa amebaki kuendesha meza ya cherehani.

Henna alimnunulia magemu matatu. Majina yake ni ya Kiingereza na marefu, hivyo nimeyapa majina yangu.

La kwanza naliita Bwana Harusi, kwa sababu limevaa vizuri na halijui kazi. Utaona matone ya mvua yakitambaa kwenye kioo, utaona jua likimulika dashibodi, na mahali penye uzito wa gari utakuta hamna kitu. Unakanyaga breki, linateleza kama sabuni bafuni. Unagonga mti wa msonobari, mti unakurudisha barabarani kwa adabu. Wameweka humo barabara ya Ufini pia, mwanangu, na nilicheka mpaka nikashika ubavu. Kilomita kumi na mbili za mashambani hazina hata safu moja ya masanduku ya barua kwenye njia panda. Halafu watazamaji wanapunga mikono na kurukaruka. Mfini gani anapunga mkono hivyo asubuhi, tena akiwa hajanywa kitu? Na kompyuta yako ya kazini haitaliweza, linataka mashine ambayo Mei akisikia bei yake atakufukuza.

La pili ni Karani. Hili ni la lami tu, viwanja vya mashindano vilivyopimwa mpaka nyufa, na nakiri kwamba usukani wake unasema ukweli. Lakini humo huendeshi, humo unajaza fomu. Unalipa kila mwezi, unalipa tena kwa kila gari na kila kiwanja, na una alama za nidhamu zinazopanda na kushuka kama homa. Wiki ya pili Veijo aligusa gari la mtu mlangoni, mtu huyo akamshtaki, na baba yako akaandikiwa atoe maelezo. Topi, baba yako hajakuandikia wewe ukurasa mmoja tangu uondoke, lakini alimwandikia mgeni wa Ubelgiji ukurasa mmoja na nusu wa kujitetea, kwa msaada wa kamusi. Nilimwambia anatia aibu.

"Alifunga breki mapema," akasema.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nini? Imo kwenye video, dada. Waangalie wenyewe."

Usiniambie habari za majukwaa ya mtandaoni wanakojadili lipi ni la kweli zaidi. Henna alinionyesha. Kuna wanaume mle wamegombana miezi minne kuhusu joto la tairi, na nina hakika hakuna hata mmoja aliyewahi kubadilisha tairi kwenye theluji yenye maji huku mvua inamwingia mgongoni. Wanaandika neno "uhalisia" kama watoto wanavyotaja nyama wasiyoruhusiwa kula.

La tatu naliita Changarawe. Ni baya kwa sura, sitakuficha. Miti yake ni kama brashi za choo, mbingu ni rangi ya sinki, na injini inalia kama cherehani ya mama yako. Limetengenezwa na watu wachache ambao bila shaka hawana rafiki. Nililidharau kabla hata halijawaka. Kisha Veijo akanivutia kiti cha jikoni, akanipa karatasi ya kona, akasema, "Soma."

Nikasoma. Kabla ya kona ya kushoto akalitupa gari kulia kwanza, mkia ukazunguka, tukaingia tukiwa ubavu, kama tulivyokuwa tukifanya. Juu ya kilima usukani ukalegea mikononi mwake. Kiti cha jikoni hakikusogea, ila nilikishikilia kwa mkono mmoja nisianguke. Humo magari yaliyotangulia yanaacha mifereji, na wewe unapita kwenye mifereji yao, upende usipende. Nilisoma kona arobaini na nilipomaliza ilinibidi nikae sakafuni. Basi jibu lako ndilo hilo: nunua Changarawe. Litafanya kazi hata kwenye kompyuta yako ya ofisini.

Ningeweza kuishia hapa. Lakini kuna jambo ambalo nimelijua juzi tu, nami nimekasirika tangu hapo, sijui nimkasirikie nani kwanza.

Ndani ya Changarawe kuna klabu ya watu wa huku, wanaokimbia mbio za magari mabovu kila Jumapili saa saba mchana, ambayo kwenu ni saa moja jioni. Wameweka sheria yetu ileile: mbio zikiisha, mwanachama yeyote aliyeshiriki anaweza kuleta ombi la kununua gari lolote kwa bei ndogo iliyopangwa, maombi yakiwa mengi inachomolewa karatasi moja, na mwenye gari hana ruhusa ya kukataa. Akikataa ananyang'anywa leseni. Humo hulipi kitu, lakini gari linaondoka kwako kabisa na vipimo vyake vyote, na huwezi kulirudisha. Unajua mwenyewe kwa nini sheria hiyo ipo, ili mtu asitie utajiri kwenye gari bovu. Na unajua imekufanya nini.

Baba yako hushiriki kila Jumapili. Magari ni thelathini, naye kila Jumapili ni wa kumi na nne. Mwanzoni nilimcheka. Bingwa wa wilaya mara mbili, anapitwa na watoto wa shule na mwalimu wa filimbi.

"Wa kumi na nne tena," nikamwambia.

"Gari limechoka."

"Gari la kompyuta linachokaje, we Veijo?"

"Kunywa kahawa yako."

Jumapili ya juzi nilimsomea tena kona, na mimi si mtu wa kutazama picha, mimi hutazama miguu. Kwenye mstari ulionyooka wa mwisho, akiwa wa tatu, aliinua mguu kutoka kwenye pedali ya mafuta. Magari kumi na moja yakampita, naye anayahesabu kwa midomo.

"Umeinua mguu," nikasema.

"Umeteleza. Hizi soksi."

"Soksi."

"Ndiyo, soksi. Sasa utaniuliza na rangi yake?"

Sikuuliza rangi ya soksi. Niliangalia rangi ya gari. Ni Datsun ya kijani, Topi, kijani kile kilichobaki tulipopaka ua. Mlango wa kulia ni mweupe. Namba sitini na moja. Na kila alipofunga breki lilivuta kushoto, akawa analirudisha kwa kidole kimoja bila kufikiri. Nilimwambia baba yako kwamba Henna amesema mambo hayo yanarekebishwa humo kwa kubonyeza kitu kimoja, mbona asirekebishe.

"Lilikuwa hivyo," akasema.

Nilikasirika, na bado nimekasirika. Wewe na yeye mlilijenga gari lile majira mawili ya baridi kwenye gereji isiyo na moto. Asubuhi ya mbio zile za Agosti nilikuwepo, namimina kahawa kwenye vikombe, nikamsikia akikuambia: ukiona umewaacha, inua mguu, shinda kidogo tu au usishinde kabisa. Ukamwitikia, "Sawa, baba." Halafu ukashinda kwa nusu kilomita, kwa sababu ulikuwa na miaka kumi na tisa na msichana wa kioski alikuwa anatazama. Maombi saba yakaingia kwenye sanduku. Na nani alikuwa mwenye zamu ya kuchomoa karatasi? Yeye. Akachomoa, akasoma jina la yule jamaa wa Viitasaari kwa sauti ileile anayosomea ratiba, akaweka funguo kwenye kiganja cha mgeni. Ukamwambia amekuuza. Ungetaka afiche karatasi? Angeificha, leo ungekuwa unamdharau kwa hilo.

Na yeye pia simtetei. Alipaswa kukufuata mpaka kwenye maegesho akuambie kwamba imemuuma. Badala yake akabaki kuhesabu karatasi, akazikunja, akazifunga na mpira. Wewe hukuinua mguu, yeye hakuinua simu, na mimi nimekaa katikati miaka kumi na moja nikipeleka salamu kama posta. Nyote wawili mmenichosha.

Nilimuuliza gari lile analificha kwa ajili ya nani. Aliinama akatengeneza waya ambao haukuwa na ubaya wowote.

"Sheria ni sheria," akasema. "Mwanachama akileta ombi, nitalitoa. Yeyote yule."

"Yeyote?"

"Akiwa amemaliza mbio." Halafu akaenda kuwasha moto wa sauna, ingawa ilikuwa saa nane na ilikuwa Jumapili, na siku ya sauna yake ni Jumamosi tangu nimjue.

Hatakuomba msamaha, Topi. Mdomo wake haukuumbwa na neno hilo. Lakini hajawahi kukataa ombi lililofuata sheria, na hawezi kuanza sasa. Basi fanya hivi. Nunua gemu, jiandikishe kwenye klabu, maliza mbio tatu za majaribio upate leseni. Kisha shiriki Jumapili. Hata ukiwa wa mwisho haidhuru, maliza tu, na ukimaliza leta ombi kwa gari namba sitini na moja. Fomu haina nafasi ya salamu wala maelezo, ina nafasi ya jina tu. Kwa nyinyi wawili hiyo ni afadhali, maana mkipewa nafasi ya maneno mtaiharibu.

Usikawie. Wiki iliyopita kuna mtu wa klabu aliandika mbele ya wote akiuliza inakuwaje gari la kumi na nne linaingia kona ya kwanza vizuri kuliko gari la kwanza. Wameanza kunusa. Mmoja wao akileta ombi kabla yako, baba yako atalitoa kwa sauti ya ratiba, na safari hii sidhani kama nitamsamehe yeyote kati yenu.

Henna anakusalimu sana, anasema umrudishie kamera yake. Jirani Pentti anakusalimu pia, bado yuko hai kwa ubishi. Mpe Mei mkono wangu, na Alma umbusu kwenye pengo. Mungu awalinde na jua kali la huko, na akupe wewe akili zaidi kidogo kuliko aliyompa baba yako, isiwe ya kukaidi.

Ni mimi shangazi yako nikupendaye, hata ukinikasirisha,

Raili

Nimesahau: likishakuwa lako, breki usiirekebishe.