Kitasa cha Baba

Kaka yangu,

Sisi wazima, ila vumbi la saruji limefika mpaka kwenye sukari. Tunakarabati nyumba ya Baba. Jiko limeshapakwa rangi, na kule nyuma nimepanda nyanya, ambazo mwanangu huzing'oa kila asubuhi aone kama zimeota mizizi. Ana miaka mitatu na hashikiki.

Unakikumbuka kile kitasa cha mlango wa jikoni, alichokifunga Baba mwenyewe juu chini, kisha akagoma kukubali kwamba amekosea? Sote tulikua tukizungusha ufunguo kinyume. Sasa fundi akaweka kipya, sawasawa. Juzi nilikuwa bustanini, mtoto yuko ndani. Akataka kunifuata, akazungusha ufunguo kama babu yake alivyomfundisha. Akajifungia.

"Zungusha upande mwingine," nikamwambia dirishani.

"Babu anafungua hivi," akanijibu, kana kwamba mimi ndiye mgeni.

Mpaka fundi aingie kupitia dirishani, sufuria niliyoiacha motoni ilikuwa imeshaungua.

Kaka, lile la wewe na Baba silifukui. Wala sikuulizi kwa nini hukuja kumzika. Ila miaka yote hiyo nilimsihi abadilishe kile kitasa, naye jibu lake lilikuwa moja tu: "Kaka yako aliondoka na ufunguo."

Nimemwambia fundi akirudishe cha zamani, juu chini vilevile. Alinitazama kama nimechanganyikiwa.

Ukifika, usigonge. Zungusha kinyume.

Mdogo wako