Yule Aliyeita Shimo

Jumatatu, 3 Julai 1961
Meli ya saruji. Kikosi chetu, falka ya pili, mdomo wa tumbo la meli. Tumepewa mtu mpya, Mutua, Mkamba aliyepanga Changamwe. Mikono ya kazi anayo, sikatai. Kazi yake kunyanyua mbao zinazofunika falka, na kila akitoa ubao aite, maana Ami Bakari hukunja turubai akirudi kinyumenyume. Hatazami anakokanyaga, husikiliza tu. Ndivyo tufanyavyo tangu zamani. Basi Mutua akaita, "Shimo! Shimo!" Nilicheka mpaka machozi. Nikamwambia mbele ya watu, "Shimo ni la choo, bwana! Hii ni falka. Ikikushinda, sema hechi kwa Kizungu kama makarani." Kikosi kizima kikaangua kicheko. Ami peke yake hakucheka.

Jumanne, 4 Julai
Leo wamemwita Bwana Shimo tangu getini. Mimi ndiye niliyeanza. Nina ulimi, mama alisema tangu udogoni. Mutua alijaribu kusema falka, ulimi ukamkwama. Tukacheka zaidi. Chai akanywa peke yake.

Alhamisi, 6 Julai
Mutua haiti tena. Anagonga ubao kwa ngumi, basi. Nimeona, nikanyamaza. Nikajiambia ati masikio yamepumzika.

Ijumaa, 7 Julai
Ami ameanguka. Tulikuwa mbioni kuwahi sala ya Ijumaa. Winchi ya falka ya tatu ikinguruma, ngumi ya Mutua haikusikika. Ami akirudi nyuma na turubai lake, ubao umeshatolewa. Niliuona mguu wake ukikosa pa kukanyaga. Hata mimi sikuita. Akatua juu ya magunia ya saruji. Paja limevunjika. Wamemtoa kwa machela iliyofungwa kwenye winchi, mweupe kwa vumbi, akitaja jina la Mungu.
Ami ndiye aliyeniingiza kazini. Ndiye aliyenioza. Sikwenda msikitini.

Jumamosi, 8 Julai
Serahangi, msimamizi wetu, alimhoji kila mtu. Wote jibu moja: Mutua hakuita. Ikafika zamu yangu. "Hakuita." Neno la kweli, na bado ni uongo mtupu. Mutua alinitazama tu. Amenyang'anywa kipande chake, kadi ya kazi, hapo hapo, akashuka ngazi ya meli. Wallahi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka. Nimerudi nyumbani Mtongwe, nimekula, nimelala.

Jumatatu, 10 Julai
Hospitali, na mke wangu Mwanaisha, na uji. Shikamoo, Ami. Marahaba. Mguu umetundikwa juu kwa kamba. Akauliza, "Yule wa shimo yuko wapi?" Nikasema kafukuzwa. Akasema, "Siku ile ya kwanza nilimsikia vizuri sana." Akageuza uso ukutani. Mwanaisha akaniuliza njiani kuna nini. Nikamkaripia bure. Haya imenivaa, sijui pa kuiweka.

Jumatano, 12 Julai
Nimesema. Mbele ya kikosi kizima, kwa sababu nilimcheka mbele ya kikosi kizima. Kwamba mtu alikuwa akiita, na mimi ndiye niliyemziba mdomo. Uso uliniwaka. Wengine wakatazama viatu vyao. Serahangi akasema jina la Mutua limeshapelekwa ofisini, na nafasi imeshapata mtu. "Ungesema Jumamosi, Salim." Maji yakimwagika hayazoleki. Akaturudisha kazini.

Jumapili, 16 Julai
Changamwe. Nimeuliza nyumba kwa nyumba mpaka nikakipata chumba chake. Mkewe alikuwa akifunga sufuria ndani ya shuka. Wanarudi kwao kwa treni ya jioni. Nikasema yote, nimesimama mlangoni. Mutua aliendelea kufunga kitanda kwa kamba. Mwisho akasema, "Ungenifundisha tu." Hakupandisha sauti. Angenitukana ningepata nafuu. Mkewe akanipa chai, ikabidi niketi juu ya mzigo wao kuinywa. Nikawabebea kitanda mpaka stesheni.

Jumatatu, 17 Julai
Meli ya ngano. Nimeomba kazi ya mbao mimi mwenyewe. Turubai anakunja Juma, jirani yangu, mpaka Ami apone, inshallah. Ubao wa kwanza nikaita, "Shimo!" Wawili watatu wakacheka. Wa pili nikaita tena, kwa nguvu.
Juma, akirudi kinyumenyume na turubai, akasimama, akalizunguka shimo.