Ndugu wa Kufanana

Likasi, Alhamisi

Nimeshaituma, na sasa naogopa.

Kompyuta ilionyesha protini ya bakteria wetu wa maji ya Kambove inafanana na ile inayoingiza lizini, kijenzi kimoja cha protini, ndani ya seli. Nikaipa jina la hiyo, nikaiweka kwenye hifadhi ya data ya dunia nzima. Leo ndipo nilipofuatilia: hata ile ilipewa jina kwa kufanana na nyingine. Hakuna aliyepima kama inabeba lizini kweli.

Mama aliona sili chakula, akaniuliza. Nikamweleza. Akacheka.

“Weye, huku Likasi kila muntu ni ndugu. Njo kusema mulitoka mu tumbo moya?”

Hapana, Mama, hatukutoka tumbo moja. Lakini kesho mtu wa mbali atalinganisha protini yake na yangu, aiite ndugu.

Na ataniamini.