Wanafamilia Tubaki

Jumamosi, Ukonga. Mvua ya masika imepiga tangu alfajiri, ikakatika mchana, ikarudi alasiri kama vile ilisahau kitu. Nguo nilizofua juzi bado mbichi. Nimechoka mpaka kucha, na sipo sawa hata kidogo.

Mnaopita kwenye ukurasa huu mmezoea nikiweka habari za kikundi chetu cha wasomi wa sosholojia ya familia: nani anawasilisha mada, utafiti wa bibi na babu wanaolea wajukuu kule Madale umefikia wapi, kikao kijacho kitakuwa lini. Habari ya kikundi leo ni moja tu. Tumeshindwa. Tumeshindwa kwenye jambo lile lile tunalojidai kulijua, na Mwalimu wetu anapelekwa Mbinga Jumatatu.

Nieleze vizuri, kwa wasiomjua. Mwalimu ndiye aliyekianzisha kikundi. Alitufundisha wengi wetu chuoni, alipostaafu akasema hawezi kushinda anatazama tamthilia, akatuita nyumbani kwake tuendelee kubishana. Tangu hapo Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunakutana barazani kwake, viti vya plastiki, chai ya tangawizi, na mihogo ya kuchemsha ambayo Dokta Renatus, mwenyekiti wetu, huimaliza peke yake halafu anauliza kama kuna nyingine.

Mimi nilifika kwake nikiwa mwanafunzi ninayetafuta chumba. Akanipa cha uani. Baada ya muda akasema uani kuna mbu, nihamie ndani, na sijatoka mpaka leo. Yeye ni Mkatoliki aliyeolewa Mbinga, mimi Mmakonde wa Newala niliyelelewa madrasa. Mwezi wa Ramadhani yeye ndiye aliyekuwa akiniamsha kula daku, anagonga mlango kwa kijiko na kuniambia, "Somoe, amka, Mungu hapendi wavivu." Kisha anakaa na mimi mezani hadi nimalize, usingizi umemjaa machoni.

Sasa anasahau.

Mwanzoni ilikuwa miwani na funguo, kama sisi wote. Halafu majina. Halafu akaanza kutia chumvi kwenye chai na kunigombeza kwamba chai yangu mbaya. Sasa hivi hajui siku, na akimkumbuka marehemu mumewe anamuulizia kama vile ametoka kwenda dukani. Mimi ananiita mwanangu. Sijui kichwani mwake ni mwana yupi. Namwogesha, namlisha, nampaka mafuta miguuni kabla hajalala. Ningependa kuandika kwamba silalamiki, lakini hii ni shajara yangu na sioni sababu ya kujipamba. Kuna siku najifungia chooni nalia, nafungua bomba asinisikie, nikimaliza nanawa uso natoka.

Mwezi uliopita nilikuwa naanika nguo, akatoka getini. Mtaa mzima ulimtafuta. Tulimkuta njia ya kwenda Gongo la Mboto, amekaa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye duka amempa soda na kiti. Alikuwa amestarehe kabisa, mimi ndiye niliyehitaji kiti. Habari ikawafikia watoto wake, na hapo ndipo kikao cha familia kilipoitishwa.

Watoto wake ni wawili. Gaudensia, tunayemwita Gaude, yuko Dodoma, na kaka yake Fide yuko Mwanza. Laiti wangekuwa watu wabaya. Ningewachukia nikapumzika. Gaude anapiga simu kila jioni, anataka aongee na mama yake hata kama mama anaongea na simu akiwa ameigeuza juu chini. Fide ana watoto wadogo na mke mgonjwa. Kila mmoja amefikiri, akafikiri tena, na mwisho wakaona pa kumpeleka mama ni Mbinga, nyumbani kwa marehemu baba yao. Huko kuna nyumba kubwa na kuna baba yao mdogo, Mzee Otmari.

Ila Mwalimu hakuzaliwa kwenye nyumba ile, na wala hajawahi kuishi pale zaidi ya likizo. Alipokuwa mzima alishaniambia, si mara moja, kwamba atazeekea Ukonga na atazikwa Ukonga, na atakayembeba kumpeleka kwenye baridi ile atamtokea ndotoni. Alikuwa anacheka, lakini hakuwa anatania. Hapa anaujua mlango wa choo bila kuuliza. Anaujua mlio wa geti. Hivyo ndivyo vitu alivyobaki navyo, na vyote viko kwenye nyumba hii.

Kikundi tulijipanga. Kwa hilo sitatulaumu. Tulikaa juzi tukagawana zamu za kumwangalia mchana, kila mtu siku yake, usiku wote ni wangu. Hata mwenzetu anayekaa Kigamboni alikubali kuvuka kila Jumanne. Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo: tuje kwenye kikao, tuwaambie wanafamilia kwamba Mwalimu anaweza kubaki, watu wa kumwangalia wapo, tena kwa majina. Tukakubaliana msemaji awe Dokta Renatus. Wote walisema mimi nisiseme, na mimi niliona wana haki. Mwanamke asiye na mume, asiye ndugu, anaishi bure kwenye nyumba ya mjane anayesahau. Nikifungua mdomo kusema mama abaki, yupo atakayesikia kwamba naitaka nyumba.

Basi leo tukaenda. Nasema tukaenda, wakati mimi nilitoka chumbani nikaingia sebuleni.

Mzee Otmari alikuwa ameshakaa, suti ya kijivu, daftari mapajani. Alikuwa karani wa mahakama zamani na kikao anakiendesha kama kesi: sala, utambulisho, ajenda. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa upole, akaniuliza habari za mgonjwa na akanisikiliza mpaka mwisho. Nikapata matumaini. Kwa upumbavu wangu nikamwonyesha Dokta dole gumba.

Akapewa nafasi. Akasimama, akavaa miwani, akaanza.

Akaanza na utangulizi.

Mungu wangu, ule utangulizi! Akashukuru. Akaeleza historia ya kikundi. Akaeleza malengo yake. Akafika kwenye mabadiliko ya familia mijini na jinsi dhana ya matunzo ilivyopanuka. Nilikuwa namkodolea macho, zamu, sema zamu, lakini Dokta ni msomi na kwa msomi pendekezo huja mwisho. Fide alianza kuangalia simu. Gaude alikuwa anamfuta mama yake mdomo kwa kona ya kitenge.

Mzee Otmari akainua mkono, kwa adabu kabisa. "Mwenyekiti, niwie radhi nikukatishe. Ninyi ndio wenye fani hii. Hebu tusaidieni. Kwa mtu mgonjwa kama huyu shemeji yangu, familia yake tumhesabu nani?"

Hakuwa anatega. Nimelifikiria hilo tena na tena tangu alasiri, na naapa mzee hakuwa anatega. Alikuwa anauliza kweli, na mlango alikuwa ameuacha wazi kabisa. Jibu lilikuwa ni neno moja. Sisi. Dokta angesema tu, mzee, tuhesabuni na sisi, na zamu zetu ni hizi. Au angemwambia vile Mwalimu alivyotufundisha kabla hajatutuma Temeke mara ya kwanza na madodoso yetu: ukiingia nyumba ya mtu usimuulize ndugu zako ni akina nani, muulize jana nani alikupikia.

Dokta akasema, "Swali zuri sana, mzee. Kitaaluma inategemea."

Akaeleza mitazamo. Kuna wanaotazama damu, kuna wanaotazama ndoa, kuna wanaotazama kaya, na kuna wapya ambao bado wanajadiliana. Kila mtazamo akautendea haki. Akataja na udhaifu wake. Mzee Otmari alikuwa anaandika mwanzoni, kisha akaacha, akafunga kalamu.

"Ahsante sana, Dokta. Kama wenye fani hamjakubaliana, sisi tutafuata utaratibu tunaoujua. Tunawashukuru majirani na marafiki mliokuja kutusalimia. Sasa wanafamilia tubaki."

Nami nikasimama na majirani na marafiki.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni. Jana nani alimpikia? Mie. Leo asubuhi nani kamwogesha? Mie. Lakini nilitazama ile suti ya kijivu, nikamtazama Fide, nikaona neno nyumba likining'inia hewani. Mtafiti mzima, ninayewafundisha vijana namna ya kuwafanya watu waseme, nikanyamaza kimya.

Mwalimu aliponiona nimesimama naye akasimama. Akachukua kandambili zake. Gaude akamshika, "Mama, kaa, wewe unabaki," Mwalimu akautoa mkono wake kwa nguvu, akawa anakuja kwangu. Ikabidi mimi ndiye nimwambie. "Kaa Mwalimu, narudi." Akakaa hapo hapo.

Tukatoka kwenda barazani, mvua ikaanza tena. Dokta alikuwa amefurahi kidogo, masikini. Akasema mjadala ulikuwa mzuri, na kwamba mgongano wa aina hii tungeuandikia makala. Niliogopa nikimjibu nitamtukana, na mtu mwenyewe anampenda Mwalimu kama mama yake. Baadaye nilimwona anageuza ile karatasi ya zamu, anaikunja, anaikunjua. "Sikufika kwenye zamu," akasema. "Ndiyo, hukufika," nikamwambia. Akavua miwani, akalia. Wengine wakajifanya wanaangalia mvua.

Kikao kikaisha. Gaude akaja kunitafuta jikoni, macho mekundu. Imeamuliwa. Fide ana gari, wanaondoka Jumatatu asubuhi, wote wanne. Nikamwambia zile zamu, harakaharaka, majina yote na siku zote. Akanisikiliza akiwa ameegemea friji. Akasema, "Dada Somoe, kwa nini hamkusema mle ndani? Baba mdogo ameshafunga kikao, ameshapiga simu nyumbani, wameshaanza kusafisha chumba. Sasa nani atamrudisha nyuma?" Nikamwomba ajaribu. Akatikisa kichwa, akasema hawezi, yeye ni mtoto tu pale.

Kisha akatoa simu, akaiweka kwenye meza ya jikoni, akabonyeza kurekodi. Akaniomba nimweleze kila kitu. Akikataa kula nafanyaje? Maji ya kuoga yawe ya moto kiasi gani? Akimuulizia baba?

Nimewawekea watu kinasa sauti mbele yao miaka yote hii na sikujua kinavyokausha koo. Nikajikaza kisabuni nikaeleza. Anakula ukianza kula wewe kwanza, tena kutoka sahani yake. Maji usimmwagie kichwani, anza na miguu. Akimuulizia mumewe usimwambie amefariki, maana atalia upya kama ndiyo anasikia leo. Mwambie bado hajarudi. Gaude alikuwa anaitikia ndiyo, ndiyo, kisha akazima simu, akasema kitu ambacho ndicho kilichonileta hapa kuandika.

"Jumatatu utampandisha wewe kwenye gari. Sie atatukatalia."

Nimekubali. Sijui kwa nini nimekubali. Nadhani kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wakimvuta atapiga kelele, na sitaki aondoke mtaa huu anapiga kelele mbele za watu wanaomwita Mwalimu.

Imefika magharibi. Nimeswali vibaya, mawazo yote sebuleni. Nimemlisha uji, mimi kijiko kimoja, yeye viwili. Amekula vizuri leo. Wanawe walikuwa chumbani wanapanga nguo zake kwenye sanduku, sauti zao zinasikika. Akaniinamia sikioni, kama anavyofanya akiwa na siri.

"Hawa wageni wanaondoka lini?"

"Jumatatu, Mwalimu."

Akashusha pumzi, akanipigapiga mkono. "Afadhali. Ni watu wazuri, ila wamekaa sana. Tutabaki sie wawili, tupumzike."

Nikamwambia ndiyo. Nikamfuta mdomo, nikachukua bakuli, nikaenda kusimama jikoni gizani.

Jumatatu asubuhi atanipa mkono wake bila kuuliza tunakwenda wapi. Nitaushika nimfikishe garini, kisha nitauachaje?