Mashimo Yote Yamekuwa Kijani

Masara, Jumapili

Mama Otieno,

Nakusalimu wewe na boma lote la Kendu Bay. Mguu wako umepona? Yule mbuzi mweupe amezaa? Mimi nipo, meno machache lakini nguvu za vijana watatu. Naandika kwa mkono wangu, sikuomba mtu. Ukiona herufi zimelala ujue ni meza, si mimi. Na naandika Kiswahili, maana wewe Mkuria na mimi Mjaluo, hicho ndicho kilituoza. Kwa simu nikitaja tu Otieno unasema, "Mmeanza tena," unakata. Hii huwezi kukata.

Kazi yangu unaijua. Mimi ndiye mlinzi wa midomo ya mashimo ya dhahabu. Asubuhi natupa jiwe ndani, nasikiliza. Shimo bovu naliwekea tawi la miiba, kisha naenda ofisi ya ushirika namwambia Akinyi, yule msichana wa kompyuta, "Hilo funga." Anaweka alama, na kila mchimbaji akifungua simu yake anaona shimo hilo jekundu. Lililo salama ni kijani. Hakuna mtu amefia kwa shimo nililofunga mimi. Hakuna! Uliza Masara yote, uliza mpaka Macalder.

Sasa, habari hizo zote zilikuwa zinakaa ndani ya kompyuta moja tu, ya mezani kwa Akinyi, kwa databesi ya zamani, yaani daftari la ndani ya kompyuta. Watu wakifungua wengi, inakwama. Akaambiwa ahamishe yote kwa mpya, wanaiita SQL, ikae kwa mashine kubwa huko mbali. Nikamwambia, "Msichana, hiyo iache." Akacheka: "Mzee, wewe hata redio yako umeifunga na waya." Sikukubali.

Akahamisha. Kesho yake asubuhi mashimo yote yamekuwa kijani. Yote! Hata lile shimo la Kasuku, ambalo nguzo zake zimeoza na maji yanakula ukuta. Nakuta vijana wanatoa miiba yangu.

"Nani amewaambia?"

"Mzee, simu imesema."

Nikakaa pale mdomoni na panga mpaka Akinyi akaja mbio, viatu mkononi. Akanieleza, na mimi nikashika mara moja, unanijua. Databesi ya zamani ikitaka kusema ndiyo, shimo limefungwa, inaandika kasoro moja, yaani moja yenye kistari cha kutoa mbele. Hii mpya inaandika moja tupu. Lakini ule ukurasa wa simu ulikuwa bado unatafuta kasoro moja. Haukuiona popote, ukaona basi hakuna shimo lililofungwa. Alirekebisha siku hiyo hiyo, Kasuku likarudi jekundu. Hata mimi nilimpa mkono.

Lakini mwanao alikuwa ameshapiga picha ule ukurasa wa kijani na kuutuma kwa kundi lao la wachimbaji kwenye simu. Hiyo picha Akinyi hawezi kuirekebisha. Nilimwita Otieno kabla hajaja huko kwa mazishi ya jirani, akanijibu mbele ya watu: "Baba, Kasuku unalifunga kwa sababu hutaki tupate. Siku ile kompyuta ilisema ukweli, ndio ukamtisha Akinyi na panga akaubadilisha." Watu wakacheka. Wote sasa wanaamini chini ya Kasuku kuna mawe mazuri na mimi nawaficha. Ameapa akirudi Jumatano anashuka.

Na ushirika wameninyang'anya panga, eti natisha watu. Mimi! Niliyeokoa watu hapa kabla hao hawajazaliwa.

Mimi simwombi. Sijawahi kuomba mtoto. Wewe mwombe. Mwambie mguu umekuzidi, mtume Homa Bay akutafutie dawa, mfichie viatu, fanya lolote, lakini Jumatano isimkute huku.

Nisalimie dada yangu Akoth muuza omena, na shemeji fundi wa baiskeli, na mama yako mzee, mwambie bado namheshimu ingawa alinikataa mwaka ule wa posa. Anayekuletea hii ni mama wa samaki, mpe chai.

Leo nimepita Kasuku. Wenzake wamekaa pale na kamba mpya. Wakanisalimia kwa adabu kabisa. Mmoja akasema, "Mzee, sisi hatuna haraka. Tunamngoja Otieno tu. Yeye ndiye mwembamba, atashuka wa kwanza."

Mimi mume wako,
Baba Otieno